Springla ikifunguka bila moto: jinsi ya kuokoa ofisi isilowe

Karibuni tena. Tazama hiki nilichoshika. Ni kichwa cha springla, kile kinachomwaga maji ya kuzima moto, unachokiona darini ofisini, hotelini au supamaketi. Hapa katikati kuna kichupa cha kioo, chembamba kuliko kalamu, kina kimiminika chekundu. Hicho ndicho kinachozuia maji. Joto likifika nyuzi 68, kimiminika kinatanuka, kichupa kinapasuka, maji yanatoka. Moshi wa udi haukifungui, wala kubonyeza kengele ya moto. Na yale ya kwenye sinema, vichwa vyote kumwaga kwa mpigo, yasahau: kwenye mfumo wa kawaida hufunguka kile tu kilichopata joto, au kilichogongwa.

Kimoja kinatosha kukutia hasara. Kichwa kama hiki, presha ikiwa bar 1, hutoa takriban lita 80 kwa dakika. Ukihangaika dakika kumi kutafuta vali ya kufunga maji, umemwaga lita 800 juu ya kompyuta na mafaili. Na maji yenyewe ni meusi, yananuka, maana yamelala bombani muda mrefu.

Hatua ya kwanza, zunguka jengo ukiangalia juu. Stoo, acha nusu mita kati ya mzigo na springla. Palipo na foklifti au dari fupi, fundi afunge kikapu cha waya cha kuikinga. Hotelini wageni hutundikia hanga za nguo pale pale. Weka kibandiko, lakini weka na ndoano ukutani, la sivyo kibandiko hakitasomwa. Kumbi za harusi ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Mpambaji anapanda ngazi, anaona kitu kimetokeza darini, anafunga kitambaa. Mpiga video naye anainua taa kali chini yake. Waambieni kabla hawajashusha vitu kwenye gari. Jikoni, juu ya oveni, muulize fundi kama kichupa kinafaa: cha njano hupasuka nyuzi 79, cha kijani 93. Usibadilishe mwenyewe.

Hatua ya pili, na hata ukiishia hapa sitalalamika: ijue vali ya ghorofa yako leo. Mara nyingi iko kwenye ngazi za dharura au kabati la mabomba, kwenye bomba jekundu, ina gurudumu au mpini. Ondoa maboksi yaliyoizuia. Andika ubaoni inahudumia ghorofa gani. Kama ina mnyororo na kufuli, ufunguo awe nao mlinzi wa usiku, siyo meneja aliyelala kwake Kigamboni.

Tatu, maji yameanza. Usikimbilie vali. Ingia, tazama, nusa. Ukiona moshi, au huna uhakika, iache kama ilivyo, toa watu, piga 114 uwaite Zimamoto. Ukijiridhisha hakuna moto, zima umeme wa eneo hilo, kisha zungusha gurudumu kulia mpaka likaze. Fungua na koki ya kutolea maji iliyo pembeni, ili yaliyobaki bombani yaende kwenye mfereji badala ya kapeti. Pampu ya moto kwa kawaida haijizimi. Mtu ashuke akaizime kwenye paneli yake.

Vali imegoma? Chukua kabari mbili za mbao, kama hizi. Moja ipenyeze kushoto, nyingine kulia, kati ya tundu la maji na kile kisahani cha chini. Zisukume zikutane, zigonge kwa kiganja. Hivi. Utalowa chapachapa, na vaa miwani. Kwa springla zilizofichwa ndani ya dari kabari hazisaidii.

Vali ikiwa imefungwa, eneo hilo halina kinga. Mtu mmoja abaki hapo hapo, tayari kuifungua, hadi fundi abadilishe kichwa. Vya akiba hukaa kwenye kisanduku karibu na vali kuu, pamoja na spana yake maalumu. Kifungue leo uone kama vimo, na kama rangi ya kichupa inalingana na vya darini. Kisipokuwa na kitu, mpigie fundi wenu kabla ya Ijumaa.