Acheni Kumhoji Mama, Pimeni Maji

(Mhadhara wa wazi kwa wanafunzi wa afya ya jamii na wahudumu wa afya wa vijiji, Kampala)

Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, na nyinyi wenzetu wa VHT, timu za afya za vijiji, mliofunga safari kuja hapa: shikamooni wakubwa, vijana hamjambo.

Kichwa nilichopewa ni utafiti wa vyuo vikuu katika tiba ya kinga na mambo yanayoamua afya ya umma. Historia yake hapa Uganda mnaijua. Mnamjua Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, na uvimbe wa taya za watoto alioueleza mwaka 1958, mnaijua kazi ya utafiti wa VVU wilayani Rakai iliyoanza 1988, mnalijua jaribio la nevirapini, dawa ya kuzuia VVU visipite kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, lililochapishwa 1999. Sitawarudisha huko, ila niseme hili moja: Burkitt hakupata jibu wodini. Ilibidi aziandikie hospitali nyingine, kisha mwaka 1961 aingie barabarani kwa gari, ndipo ramani ikaonyesha kwamba uvimbe ule unafuata joto na mvua, na kwenye nyanda za juu zenye baridi hauonekani. Mtoto hakuwa amekosa lolote. Wala mama yake.

Lishikeni hilo la mama, maana ndilo lililonileta.

Kila mwaka mapendekezo ya utafiti yanakuja yamebeba kichwa kilekile: "Maarifa, mitazamo na tabia za akina mama kuhusu ugonjwa wa kuhara." Jina la wilaya linabadilika, basi. Mwanafunzi anaenda na dodoso la kurasa nane. "Mama, unanawa mikono ukitoka chooni?" Ndiyo. "Unachemsha maji ya kunywa?" Ndiyo. Mlitaka ajibu nini mbele ya mgeni mwenye beji ya chuo kikuu na kalamu mkononi? Kisha tunasoma kwamba akina mama wanajua, watoto bado wanahara, na kwa hiyo elimu zaidi itolewe. Mtoto anaendelea kuhara, mama amepewa lawama, na chuo kimepata shahada. Nimelisema hili mara nyingi na nitalisema tena leo: huo si utafiti wa kinga.

Chukueni Bwaise, mtaa wa hapa Kampala. Bonde, maji ya ardhini yako juu, choo cha shimo hakichimbiki kwenda chini, kinajengwa kwenda juu kwa ngazi. Mvua ikinyesha mtaro unafurika na vilivyomo chooni vinatoka. Mama anachota kwenye chemchemi iliyojengewa, anabeba jerikani la lita 20 mpaka nyumbani. Litazameni jerikani hilo kwa karibu. Mdomo wake mwembamba, mkono wa mtu mzima hauingii, kwa hiyo linasuguliwa kwa kutia mchanga na kulitikisa. Pembeni chini, pale mchanga usipofika, kuna utelezi wa kijani. Kifuniko kilipotea zamani, pameingizwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, au ndizi mbichi. Hakuna swali la dodoso linaloweza kuuona utelezi ule.

Basi fanyeni hivi. Asubuhi hiyohiyo chukueni sampuli tatu: kwenye mdomo wa chemchemi, ndani ya jerikani, na kwenye kikombe. Kuhusu kikombe, msiombe "maji ya kupima," maana mtapewa yaliyo bora. Semeni, "Mama, tunaomba maji kama unavyompa mtoto," mwacheni achote mwenyewe kwa chombo chake, na mtazame vidole vinazama mpaka wapi. Mililita 100 zinatosha, ila za kikombe ziwe angalau 110. Chupa isijae hadi juu, acheni nafasi ya kutikisa kabla ya kuchuja.

Chupa iwe imetakaswa kwa mvuke, na kama maji yametiwa klorini, iwe na thiosulfeti ya sodiamu ndani, inayoizima klorini. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Bila thiosulfeti, klorini inaendelea kuua bakteria njiani, na maabara inasoma sifuri ambayo kwenye kikombe haikuwepo. Klorini yenyewe ipimeni palepale mlangoni kwa kidonge cha DPD, kinachoyapa rangi maji yenye klorini. Maji yakigeuka waridi someni upesi, ndani ya dakika moja, kwa sababu rangi inazidi kukolea na mtaandika klorini isiyokuwepo. Ikiwa chini ya miligramu 0.2 kwa lita, maji hayo hayana ulinzi wa kutosha. Yakiingizwa kopo chafu jioni, yamechafuka.

Sampuli ziingie kwenye kisanduku cha barafu, gizani, bila kuganda, zifike maabara ndani ya saa 6. Foleni ya Kampala mnaijua, kwa hiyo atafutwe wa boda mapema, asitafutwe saa tano mchana. Maabara, chujeni kwa utando wenye matundu ya maikromita 0.45, uwekeni juu ya pedi yenye mchuzi wa lauryl sulphate wa kukuzia bakteria, acheni saa 1 hadi 4 katika joto la kawaida ili bakteria waliodhoofika wapate nguvu, kisha nyuzi 44 kwa saa 16 hadi 18. Hesabuni madoa ya manjano, ndiyo makoloni ya bakteria wa kinyesi. Maji ya kikombe chujeni pia mililita 10 pembeni, maana makoloni yakisongamana hayahesabiki. Na kila siku pitisheni maji yaliyotakaswa kwenye vifaa vilevile: yakiota hata doa moja, vifaa vyenu ndivyo vichafu na matokeo ya siku hiyo hayafai. Umeme ukikatika usiku na inkubeta haina betri, rudini kijijini mkachote upya. Msikadirie.

Kuna mtu hapa anasema moyoni: vifaa hivyo ni ghali, dodoso ni karatasi tu. Ndugu yangu, piga hesabu ya karatasi hiyo. Ile idadi ya watu 384 wa kuhojiwa mnayoinakili kila mahali inatokana na fomula inayodhani watu wamechaguliwa mmoja mmoja kwa nasibu kutoka wilaya nzima. Nyinyi mnaenda vijiji kumi na tisa na kuhoji kaya ishirini ishirini. Watu wa kijiji kimoja wanachota kisima kimoja, wanafanana. Kuna marekebisho: moja, jumlisha idadi ya kaya kwa kijiji ukitoa moja, mara kiwango cha kufanana. Kaya 20 na kufanana kwa 0.05 inakupa 1.95. Gawanya 384 kwa 1.95: unabaki na uzito wa watu 197. Kwa hiyo nusu ya karatasi zako hazikuongeza kitu. Ongezeni vijiji, punguzeni kaya kwa kila kijiji, na fedha iliyobaki inunue tando za kuchujia.

Mwingine atasema, lakini tabia ina nafasi yake. Ina nafasi, sikatai. Ila sikilizeni kilichotokea kwa jirani zetu. Magharibi mwa Kenya, Bungoma, Kakamega na Vihiga, hapo ng'ambo ya mpaka tu, wajawazito zaidi ya 8,000 waliingia katika jaribio kubwa lililochapishwa 2018: klorini, vyoo bora, kunawa mikono kwa sabuni, lishe, peke yake na kwa pamoja. Jaribio lilifanywa kwa umakini, vijiji vikigawanywa kwa nasibu. Kuhara hakukupungua. Mwaka wa pili matumizi ya klorini na sabuni yalikuwa yameshuka. Zimbabwe nako, jaribio lililochapishwa 2019 halikuona faida ya vyoo na kunawa kwa kimo cha watoto. Mama amepewa sabuni, amefundishwa, ametembelewa, na bado uchafu wa mazingira umemshinda. Sasa wewe unataka kumpelekea kipeperushi?

Na msidhani kwamba tukiacha kumlaumu mama tutalaumu choo, biashara imeisha. Utafiti wa chemchemi za Kampala uliochapishwa 2003 ulitoa jibu ambalo wengi hawakulitegemea. Kila mtu alikuwa akipima umbali kati ya choo na chemchemi, ile kanuni ya mita 30. Kilichojitokeza ni mvua ya karibuni na hali ya chemchemi yenyewe: udongo wa nyuma uliomomonyoka, ukuta uliopasuka, mtaro wa kukinga maji ya juu ulioziba, kinyesi na takataka zilizotupwa mlimani juu yake. Maji machafu ya juu ya ardhi yanaingia haraka baada ya mvua. Vyoo vilionekana kuwa na mchango mdogo kuliko hayo. Jamani, mtaro ulioziba unazibuliwa kwa jembe! Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anaweza kuitisha watu Jumamosi moja. Lakini nani angejua, kama watu wangeishia kumuuliza mama anajua nini?

Kwa hiyo mkichukua maji ya chemchemi, andikeni ilinyesha lini. Anayepima Julai peke yake asituambie chemchemi ni salama. Nendeni Aprili, nendeni Novemba, na baada ya mvua kubwa nendeni kesho yake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na moshi wa jikoni, nilikuwa na shinikizo la damu, nitapita haraka. Moshi: msiulize "unatumia kuni au mkaa," wekeni kipima chembe laini (PM2.5) jikoni saa 24, urefu wa pua ya mama akiwa ameketi, kisha linganisheni na mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, mwongozo wa WHO wa siku moja. Shinikizo: dakika 5 za kupumzika, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, ukanda unaotosha mkono huo, vipimo vitatu, cha kwanza tupeni.

La kuhara lenyewe nisilisahau. Kwenda haja kubwa ya majimaji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, ndiyo maana yake. Ulizeni siku 7 zilizopita, msiulize wiki mbili, kumbukumbu inapotea. Na ulizeni nyumba kwa nyumba. Daftari la kituo cha afya lina waliofika tu. Halina aliyehara nyumbani kwa sababu hakuna nauli, na halina wazima, ambao bila wao hamna jumla ya kugawia mpate kiwango cha ugonjwa.

Kunawa mikono vivyo hivyo: nendeni mpaka kwenye kibuyu chirizi. Kina maji? Sabuni iko hapo au iko ndani ya kabati? Andikeni mlichoona.

Mwisho, kabla ya kwenda mkutanoni na slaidi zenu, rudini kijijini. Kila kaya iambiwe hesabu ya kikombe chake faraghani, na kijiji kiambiwe hesabu ya chemchemi hadharani, mwenyekiti wa LC1 na VHT wakiwepo, ndani ya wiki moja. Kibali cha kamati ya maadili kiandikwe hivyo tangu mwanzo, na bajeti ya safari hiyo ya pili iwemo. Maswali yaanze na wenzetu wa VHT, wao ndio wanaozijua chemchemi.