Gololi Itue Kikombeni: Jaribio la Mwendo wa Kitu Kilichorushwa

Hamjambo, wanafunzi wangu wa fizikia. Leo tuko darasani hapa Mombasa, na nataka gololi iruke kutoka mezani itue ndani ya kikombe hiki kidogo cha kahawa, mara ya kwanza, bila kubahatisha.

Kwanza sikilizeni. Sarafu mbili za shilingi kumi ziko ukingoni mwa meza. Moja naipiga iruke mbali, na papo hapo nyingine naiangusha wima. Mmesikia? Mlio mmoja tu. Iliyokwenda mbali haikuchelewa. Mmewaona vijana wakijitosa baharini kutoka gatini: anayetoka mbio huangukia mbele zaidi, lakini kama hakujirusha juu, hugusa maji pamoja na mwenzake aliyepiga hatua moja tu. Kwenda mbele hakuzuii kuanguka. Galileo, mwanasayansi wa Italia, alilichapisha jambo hili mwaka 1638, na mimi bado hunisisimua kila ninapousikia mlio ule.

Sasa mtelemko. Hiki ni kipande cha trankingi, ile plastiki ya kufichia nyaya za umeme, nimekiegemeza juu ya vitabu. Tazameni mwisho wake: lazima ulale sambamba na meza. Ukiinuka hata kidogo, gololi itaondoka ikipanda, na hesabu yetu haifai tena. Hapa ndipo wengi huharibu.

Teremsha timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, kutoka ukingoni, tia alama sakafuni. Bandika karatasi nyeupe, juu yake karatasi ya kaboni, uso wa wino chini. Achia gololi kutoka alama ileile mara kumi. Usiisukume; ondoa kidole tu.

Funua kaboni. Vitone vimekusanyika, na wastani wake ni sentimita 60 kutoka kwenye alama ya timazi. Meza ina kimo cha sentimita 80. Muda wa kuanguka: zidisha 2 kwa 0.80, gawanya kwa 9.8 (hii ndiyo g, kiasi ambacho kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kila sekunde), kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu: sekunde 0.404. Gawanya mita 0.60 kwa muda huo, unapata kasi ya mita 1.485 kwa sekunde.

Je, kikombe tukiweke kwenye sentimita 60? Hapana! Mdomo wake uko sentimita 5 juu ya sakafu, kwa hiyo gololi inaanguka sentimita 75 tu. Muda sasa ni sekunde 0.391. Zidisha kwa kasi: sentimita 58. Na ukitumia 10 badala ya 9.8, kama mlivyozoea mtihanini, jibu ni lilelile, kwa kuwa g imetumika mara mbili ikajifuta yenyewe. Jaribuni kwenye daftari mwone.

Katikati ya kikombe iwe kwenye sentimita 58, juu ya mstari unaotoka alama ya timazi hadi kwenye vitone. Kimya kidogo, jamani. Naachia...

Imeingia! Sasa pandisheni alama ya kuachia, mpime upya, mkisogeze kikombe wenyewe.