Kupima Vipuri Vidogo kwa Picha

Mafundi wenzangu, na ninyi wanafunzi wa mitambo,

Tuanze na pete ya mpira inayozuia mafuta yasivuje. Ukiibana kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia chenye taya mbili, inabonyea, na namba unayoisoma ni ya mpira uliobonyea. Gia ya plastiki ya printa nayo ina meno madogo mno, kalipa haiingii katikati yake. Kamera inapima bila kugusa, na kwa vitu kama hivi faida hiyo ni kubwa sana.

Wazo lenyewe ni la zamani. Miaka ya 1920 huko Vermont, Marekani, James Hartness na Russell Porter walitengeneza mashine iliyomulika skrubu na kukuza kivuli chake, ili meno yake yalinganishwe na mchoro. Sisi kivuli hicho tunakisoma kwa kompyuta.

Watu huuliza kwanza: megapikseli ngapi? Kwangu hilo ni swali la mwisho. Picha ya pikseli 4,000 (yaani nukta za picha) kwa upana, ikionyesha 40 mm, inakupa 0.01 mm kwa kila pikseli. Inatosha kwa kazi nyingi. Sasa weka rula mezani, ili ikuonyeshe kila pikseli ni milimita ngapi, na gia kando yake. Lenzi iko 300 mm juu ya meza, na uso wa juu wa gia umeinuka 3 mm kuliko rula. Uso huo uko karibu zaidi na lenzi, hivyo unaonekana mkubwa kwa asilimia 1. Gia ya 10 mm itasomeka 10.1 mm. Hizo ni pikseli 10 za kosa, na kamera ya bei kubwa haitaziondoa! Inua rula ilingane na ukingo unaoupima. Kisha sogeza kamera nyuma hadi mita 1.5 ukitumia lenzi ya kuvuta mbali: hata tofauti ileile ya 3 mm ikibaki, kosa linashuka hadi 0.02 mm. Viwandani hutumia lenzi za telesentriki, zinazoonyesha kitu kwa ukubwa uleule kiwe karibu au mbali kidogo; karibu zinalimaliza tatizo hili, ila ni ghali.

Mwanga utoke nyuma ya kipuri. Chuma kikimulikwa kwa mbele kinang'aa, na ukingo wake unapotea. Kikiwa kivuli juu ya karatasi nyeupe iliyomulikwa kwa chini, pikseli za ukingoni zinakuwa kijivu, na programu hutafuta mahali mwanga unapofikia nusu. Hapo unapata ukingo kwa usahihi unaopita pikseli moja. Programu ya ImageJ, iliyoanzia kwenye taasisi za afya za serikali ya Marekani, inapatikana bure na inaweza kazi hii.

Badala ya rula, mimi napendelea gololi ya beringi inayojulikana kipenyo, kwa sababu ukingo wake unasomwa kama ule wa kipuri chenyewe. Lakini angalieni: gololi ya 10 mm ina upana wake mkubwa 5 mm juu ya meza. Uso wa gia unaoupima lazima uinuliwe hadi kimo hicho hicho.