Kwangu Kunavuja: mazungumzo na wenyeviti na watendaji wa vijiji vya kando ya ziwa

Mwangaluka! Asanteni. Na ndugu zangu mliovuka maji kutoka Ukerewe, poleni na safari. Nasikia kivuko kilijaa na ziwa lilikuwa limechafuka.

Barua ya mwaliko inasema nizungumzie "uboreshaji wa miundombinu na makazi katika ngazi ya kijiji". Aliyeandika maneno hayo nadhani ofisi yake ina kiyoyozi. Mimi nimekuwa mtendaji wa kijiji miaka kumi na saba, katika vijiji vinne, vyote kandokando ya ziwa, na sijawahi kumwona mwananchi akiingia ofisini na kusema, "Nina tatizo la miundombinu." Anakuja na kusema, "Mtendaji, kwangu kunavuja."

Basi nianze na kuvuja.

Kulikuwa na bibi mmoja katika kitongoji cha mwaloni. Mumewe alishafariki, wanawe wawili ziwa liliwachukua, akabaki na mjukuu wa darasa la tano. Nyumba ya vyumba viwili, tofali mbichi, bati kumi na nane. Mvua za vuli zilipoanza alikuja ofisini, hakueleza mengi. Akasema, "Mwanangu, njoo kwangu mvua ikinyesha." Nikaenda. Masufuria manne sakafuni, beseni juu ya kitanda, na mjukuu amekaa kwenye kigoda, madaftari yake ameyaweka ndani ya ndoo yenye mfuniko. Kila sufuria na mlio wake. Nikainua macho juu na kurunzi: misumari yote imepigwa bondeni mwa bati.

Naona mafundi mnacheka. Wengine wasiojua, niwaeleze. Bati la migongo linapigiliwa kwenye mgongo, ili maji yashuke bondeni bila kukutana na tundu. Lakini bondeni ndipo bati linapogusa papi, ile mbao inayolibeba, nyundo inaenda haraka, halichezi. Fundi wa haraka hupigilia hapo hapo. Yule alikuwa ametoboa kila mfereji wa maji wa nyumba ile, akalipwa, akaondoka.

Tukaitisha kikao cha halmashauri ya kijiji. Hakuna aliyepinga. Tulikuwa na vijisenti vya ushuru vilivyobaki kijijini, tukanunua bati, misumari na mbao, fundi akafanya kazi siku tatu. Bibi akalala pakavu. Mimi nikajiona mtendaji wa mfano.

Wiki mbili baadaye kijiji kiliwaka. Yule bibi, sikuwa nimefikiria hata kidogo, alikuwa shangazi wa mwenyekiti. Usukumani nani si shangazi wa nani? Lakini nenda ukawaeleze watu. Fedha haikuibwa hata shilingi, stakabadhi zote ninazo, na hakuna aliyeniamini. Wakaja wakaguzi kutoka ngazi ya juu, wakapekua mafaili, nikapewa barua ya onyo. Nilichukia sana. Nilijiambia, sitagusa tena paa la mtu mpaka nistaafu.

Nilikuwa nimekosea, ila si pale nilipodhani. Kosa halikuwa kuezeka nyumba ya mtu binafsi kwa fedha ya kijiji. Kosa lilikuwa kuamua jambo hilo sisi ishirini na watano ndani ya chumba.

Hapa naomba nipite kwenye sheria, kwa haraka, maana wengi wenu mmeingia baada ya uchaguzi wa Novemba 27, 2024 na semina mlizopewa zilikuwa za siku moja. Kijiji kilichoandikishwa kina halmashauri ambayo mbele ya sheria ni kama mtu: inamiliki mali, inaingia mkataba, inashtaki na kushtakiwa. Hilo lilianza na Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975, wakati wa Operesheni Vijiji, na leo limo katika Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982. Halmashauri ina wajumbe kati ya 15 na 25. Lakini wenye kijiji ni mkutano mkuu, yaani kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Ninyi mlio mbele yangu hapa ni watumishi wa mkutano ule. Ukisahau hilo, hata jambo jema litakugeukia.

Kijiji kilichofuata nilichopelekwa, nilikuta nyumba za namna ile si moja. Safari hii nikalipeleka suala chini ya mwembe. Ajenda ilikuwa fupi: nani asaidiwe nyumba, na kwa kipimo gani. Jamani, niliwahi kusimamia mikutano ya mipaka ya mashamba, lakini mabishano ya siku ile sijayaona tena. Tulianza saa nne asubuhi, tukamaliza jua likiwa linazama.

Kulikuwa na mzee mmoja mlevi, ukuta wake wa nyuma umeanguka. Watu wakasema, huyo hela yake inaishia kilabuni, aachwe. Mama mmoja akasimama akauliza, na watoto wake watatu walio ndani nao wanakunywa? Kimya. Kulikuwa na bibi mwenye nyumba mbovu kabisa, lakini ana vijana wanne, wawili wako migodini Geita, mmoja anaendesha basi. Huyu ni maskini au si maskini? Kulikuwa na mama mjane mwenye nguvu zake, anayelima pamba na mpunga, naye akasema waziwazi, "Mimi msinisaidie bati. Nisaidieni watu wa kunyanyua kenchi, bati ninalo." Kenchi ni ile fremu ya mbao inayobeba paa.

Mama huyo alitufungua macho kuliko mwongozo wowote. Mpaka hapo sote tulikuwa tunafikiri msaada ni bati. Kumbe kuna mwenye bati asiye na mikono, na mwenye mikono asiye na misumari.

Mwishowe mkutano ukaweka kipimo chake. Kwanza, nyumba ambayo ndani yake hakuna mtu anayeweza kubeba tofali. Pili, penye watoto walioko mbali, mwenyekiti wa kitongoji awapigie simu kwanza, na asubiri mwezi. Hili la simu lilipendekezwa na kijana mmoja kwa mzaha, watu wakacheka, halafu likapita. Tulipiga simu zile mbele ya wajumbe, sauti ya wazi. "Habari za huko ngosha, unaongea na serikali ya kijiji, mama yako ameandikwa kwenye orodha ya wasiojiweza." Nawaambieni, kabla mwezi haujaisha bati zililetwa na basi. Yule dereva alileta na rangi.

Tatu, majina yasomwe mkutanoni na yabandikwe kwenye mbao za matangazo. Walioshiriki hapa kazi ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wanaujua utaratibu huu. Majina ya kaya za walengwa yalipita kwenye mkutano wa jamii. Jirani ndiye anayejua nani ana ng'ombe kwa shemeji yake.

Orodha ilianza na nyumba thelathini na kitu. Baada ya simu na mabishano zikabaki kumi na moja. Kumi na moja kijiji kinaweza.

Niingie kwenye kazi yenyewe. Mimi si fundi, lakini nimesimama na mafundi kiasi cha kutosha. Nyumba zetu nyingi hazifi kwa paa, zinafia miguuni. Maji ya paa yanaanguka karibu na ukuta, yanaruka, yanakula tofali mbichi safu ya kwanza, ya pili, mpaka ukuta unasimama kama mtu aliyekatwa kisigino. Ukimpa bati jipya mwenye nyumba ya namna hiyo, umemvika kofia mgonjwa wa mguu. Na sisi watu wa Mwanza tuna kitu ambacho mikoa mingine inakililia: mawe. Mawe yamejaa mpaka watalii wanakuja kuyapiga picha. Zungushia nyumba mawe na saruji kidogo mpaka usawa wa goti, refusha paa lipite ukuta futi mbili, chimba kamfereji. Katika zile nyumba kumi na moja, saba hazikuhitaji bati hata moja jipya. Zilihitaji mawe, na mawe tulikusanya kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji.

Walioko upande wa mbuga, kwenye udongo ule mweusi, wana shida nyingine. Udongo ule ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama. Nyumba juu yake inapanda na kushuka. Ufa unaoanzia pembe ya dirisha na kupanda mshazari, usiuzibe kwa lipu ukadhani umemaliza. Mwakani utarudi palepale. Ukipata nafasi ya kujenga upya, hamia kwenye luseni, kwenye mchanga. Wazee wetu waliokuwa na majina ya kila udongo hawakuwa wanapoteza muda.

Bati, nunueni geji 28 pesa ikiruhusu. Geji 30 ni nyembamba zaidi ingawa namba ni kubwa, na kuna wauzaji wanaotegemea msijue hilo. Na kenchi ifungwe ukutani kwa waya au ukanda wa chuma ulioshuka chini tofali kadhaa. Upepo wa ziwani hauondoi bati moja moja. Unaingia chini ya paa na kulinyanyua lote.

Kuhusu mikopo ya halmashauri ya wilaya, ile asilimia kumi ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: msiwadanganye watu kwamba ni ya kuezekea. Ni ya biashara. Ila kikundi cha vijana kikikopa mashine ya tofali za kufungamana, kijiji kinakuwa mteja wao wa kwanza.

Sasa, hayo mambo makubwa. Barabara, TARURA wapo tangu 2017. Maji vijijini, RUWASA wapo tangu 2019. Wengi wenu mmelipokea hilo kama likizo. Kalavati limeziba kwa mchanga na magugu maji, mnasema "ni la TARURA". Ni kweli ni la TARURA, na muandikieni. Lakini kuzibua ni kazi ya makoleo manne na asubuhi moja, na mvua haisubiri majibu ya barua.

Wenye umri wangu mnakumbuka visima vya HESAWA, mradi wa Waswidi uliofanya kazi Mwanza, Mara na Kagera kuanzia 1985 hadi 2002. Visima vizuri. Kimoja nilikikuta kimesimama miezi minane, akina mama wanachota ziwani, na kichocho mnakijua. Nikamuuliza mwenyekiti kimeharibika nini. Akasema pampu imekufa. Fundi akafungua: washa ya mpira, kitu kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto. Mfuko wa maji ulikuwepo, fedha ilikuwepo. Hakukuwa na mtu ambaye jina lake limeandikwa kwamba pampu ikisimama, yeye ndiye anapanda basi kwenda mjini.

Nendeni mkasome mihtasari yenu. Mtakuta "ilijadiliwa", "ilishauriwa", "wajumbe walisisitiza". Huwezi kumdai mtu neno "ilishauriwa". Andikeni "imeamuliwa", andikeni jina, andikeni tarehe. Fulani atanunua washa kabla ya Jumamosi, hela itatoka mfuko wa maji. Na kikao kijacho, kabla ya ajenda yoyote, muulizeni fulani. Niliwahi kukaa na mhandisi wa wilaya akichambua maombi ya vijiji. Kilichokuwa na muhtasari wa namna hiyo alikiweka upande wa kulia wa meza. Bajeti inaanza Julai mosi, lakini mkisubiri Juni mmeshachelewa.

Ukarabati haukatiwi utepe, najua. Ndiyo maana tuna maboma yaliyoishia kwenye lenta kila kona, na pembeni yake darasa la zamani halina dirisha. Kiongozi anapenda kuanzisha. Nami nilikuwa hivyo, sijitoi.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, mama. Mama anauliza: nyumba iliyo ndani ya mita 60 kutoka ziwani, kijiji kiikarabati?

Hapana, mama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita hizo 60, na mwaka 2020 ziwa lilipopanda lilituonyesha lenyewe kwa nini. Ukiweka fedha ya kijiji pale, umeitupa majini. Lakini usimwambie tu mtu "hama" ukaondoka. Katika zile kumi na moja, moja ilikuwa pale. Mkutano mkuu ulimpa mzee kiwanja juu, kwenye ardhi ya kijiji, tukaandikisha. Vijana wakabandua bati zake moja moja, misumari wakainyoosha, mbao nzuri zikabebwa na mkokoteni. Tulinunua saruji na milango tu.

Mzee akakataa kuingia mpaka mlango uelekee ziwani, kama ule wa zamani. Fundi akalalamika kwamba upepo unatoka huko huko. Wakabishana siku mbili, kazi imesimama, mchanga unapeperuka. Tukamjengea mlango anaoutaka na kibaraza mbele yake, bati tatu za ziada. Nikaziandika kwenye muhtasari: bati tatu, kibaraza, kwa sababu ya upepo. Hakuna aliyeuliza.