Mkono Uliotengenezwa Majini

SHANGAZI: Hamjambo, watoto wazuri, na hamjambo nyote mlioketi nao kusikiliza. Leo nimeingia studio na bawa la kuku aliyechemshwa, ambalo nimelisafisha nyama yote hadi ikabaki mifupa mitupu. Mjomba amelitazama kwa masikitiko, kwa sababu alidhani nimemletea chakula cha mchana.

MJOMBA: Nimesikitika kweli, Shangazi, lakini nitavumilia. Bawa hili limeletwa kwa sababu ya mtoto mmoja aliyetuuliza swali hili: samaki wa zamani walipotoka majini, miguu waliipata wapi?

SHANGAZI: Swali ni zuri, ila ndani yake limejificha kosa dogo ambalo hata watu wazima hulifanya. Muulizaji anadhani kwamba samaki alitoka kwanza, akajikuta nchi kavu bila miguu, ndipo miguu ikaanza kumwota. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa ndani ya miamba, vinatueleza kinyume chake. Mapafu, miguu na hata vidole vilikuwapo majini kwanza, vikitumiwa na viumbe walioishi majini na ambao hawakuwa na safari yoyote ya nchi kavu.

MJOMBA: Kabla hatujafika huko, naomba kila msikilizaji aushike mkono wake mwenyewe. Kutoka begani hadi kwenye kiwiko utahisi mfupa mmoja mnene. Kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono kuna mifupa miwili, na ukikigeuza kiganja juu na chini utaihisi ikipishana. Kwenye kifundo imo mifupa midogo midogo iliyosongamana, kisha vinafuata vidole.

SHANGAZI: Sasa nalitazama bawa hili. Mfupa mmoja huu hapa, mifupa miwili hii, mmoja mwembamba na mmoja mnene, halafu mifupa midogo na mwisho vidole vilivyoungana. Mpangilio ni ule ule. Ukiutafuta kwa popo utaukuta, kwa chura utaukuta, na kwa nyangumi utaukuta umefunikwa ndani ya pezi lake. Watu hawa wote wameurithi kutoka kwa babu mmoja.

MJOMBA: Shangazi amewaita popo na chura watu, nami nimemwacha makusudi.

SHANGAZI: Katika ukoo huu, Mjomba, ni haki yao.

MJOMBA: Ili kumfikia babu huyo tunahitaji safari. Dunia ina umri wa miaka takriban bilioni 4.5, na barabara ya kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ina urefu wa kilomita 450 hivi. Basi tuseme kwamba Dunia ilizaliwa Dodoma, kwamba leo tumefika Dar es Salaam, na kwamba kila kilomita moja ni miaka milioni kumi. Tukiwa maeneo ya Kibaigwa tayari kuna uhai baharini, lakini ni uhai wa bakteria, vijidudu vya seli moja visivyoonekana kwa macho.

SHANGAZI: Je, wanyama tunawakuta wapi? Gairo?

MJOMBA: Gairo tunapita bila kumwona mnyama hata mmoja. Kabla ya kufika Morogoro, bakteria fulani waliojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kama yafanyavyo majani ya leo, walikuwa wameanza kuijaza hewa oksijeni kidogo kidogo, na bila oksijeni ya kutosha mwili mkubwa wa mnyama haungewezekana. Hata hivyo Morogoro hakuna mnyama, na Chalinze pia hakuna. Tunawapata tukikaribia Mlandizi, yaani chini ya miaka milioni 600 iliyopita, na wote wamo baharini.

SHANGAZI: Abiria amelala njia nzima, anaamka Mlandizi ndipo anaambiwa kwamba wanyama ndio kwanza wanaanza. Hapo nataka tukae kidogo, kwa sababu kuna hadithi ya kweli ya mtoto. Mwaka 1956, katika msitu wa Charnwood ulio karibu na mji wa Leicester nchini Uingereza, msichana wa miaka 15 aitwaye Tina Negus aliona juu ya mwamba alama iliyofanana na jani la mkangaga. Alimweleza mwalimu wake, naye akamjibu kwamba miamba ya kale kiasi kile haina visukuku, na kwa hiyo alichokiona hakiwezi kuwa kisukuku.

MJOMBA: Mwalimu alirudia yale ambayo vitabu vya wakati ule vilisema.

SHANGAZI: Ndiyo, na vitabu vilikosea. Mwaka uliofuata mvulana aitwaye Roger Mason, aliyekuwa akipanda miamba hiyo na rafiki zake, aliiona alama hiyo hiyo, na habari zikamfikia mtaalamu wa miamba aliyeitwa Trevor Ford. Mwaka 1958 kiumbe huyo akapewa jina la Charnia masoni, kwa heshima ya msitu na ya mvulana. Tina aliyemwona mapema zaidi hakutajwa wakati huo, na mimi kila nikisimulia habari hii huanza na jina lake.

MJOMBA: Mtoto anayesikiliza atauliza: kama alifanana na jani, tunajuaje kwamba hakuwa mmea?

SHANGAZI: Tunajua kwa sababu ya tope lililomfunika. Tope lile lilitua kwenye kilindi cha bahari ambako mwanga wa jua haufiki, na mmea hauwezi kujitengenezea chakula gizani. Charnia alisimama pale chini amejishikiza kwenye sakafu ya bahari, hana mdomo, hana macho, hana miguu. Wataalamu wengi leo humweka miongoni mwa wanyama wa mwanzo kabisa.

MJOMBA: Afrika nayo ina ushahidi wake. Nchini Namibia, katika miamba yenye umri wa miaka kama milioni 550, kuna visukuku vya kiumbe mdogo aitwaye Cloudina, aliyeishi ndani ya mrija mgumu ulioundwa kama vikombe vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine. Huyu ni miongoni mwa wanyama wa kwanza kujijengea kitu kigumu mwilini. Baadhi ya mirija yao iliyopatikana China ina vitundu vya mviringo, kana kwamba kuna aliyekuwa akiitoboa ili amle mwenye nyumba.

SHANGAZI: Kwa hiyo nyumba ilijengwa, na mwizi akaja na kekee.

MJOMBA: Na mambo yakaenda mbio. Kuanzia miaka milioni 540 hivi iliyopita bahari ilijaa wanyama wenye macho, magamba, miguu mingi na vinywa vya kila namna. Mmoja aliyeitwa Opabinia alikuwa na macho matano na mkonga kama mrija wa kunyakulia chakula. Watoto hupenda sana kumchora huyo, lakini sisi tunamfuata mwingine asiyependeza sana, samaki mdogo asiye na taya aliyepatikana China, mwenye urefu wa sentimita zisizozidi tatu na umri wa miaka milioni 518. Mgongoni alikuwa na kamba ngumu iliyoushikilia mwili wake, na jamii yake ndiyo iliyozaa wote wenye uti wa mgongo.

SHANGAZI: Sasa tufike Kibaha, ambako ndiko mkono unakopatikana.

MJOMBA: Kibaha ni miaka kati ya milioni 400 na 360 iliyopita. Nchi kavu ina mimea, na jamaa za jongoo na nge wamekwisha kutangulia kutoka majini. Kando ya mito kuna maji ya kina kifupi, yenye joto, yaliyojaa matawi na majani yanayooza, na maji kama hayo huwa na oksijeni kidogo. Samaki aliyetegemea matamvua peke yake, yale mekundu yaliyo chini ya mashavu, alipata shida humo. Samaki mwenye mapafu aliinua pua juu ya maji, akavuta hewa, akaendelea na shughuli zake.

SHANGAZI: Watoto wa kandokando ya Ziwa Victoria wanamjua samaki wa namna hiyo, kwa kuwa bado yupo. Wengine humwita kamongo na wengine kambare mamba. Ana mapezi membamba kama kamba, ana mapafu, na akizuiwa kupanda juu ya maji kuvuta hewa atakufa kwa kukosa pumzi, ingawa ni samaki. Kiangazi kikikausha dimbwi lake, hujichimbia topeni, akajifunika ute unaokauka na kuwa kama mfuko, akalala humo kwa miezi akisubiri mvua. Kiukoo, kamongo yuko karibu zaidi na mimi na wewe kuliko alivyo karibu na dagaa.

MJOMBA: Shangazi, hilo la dagaa litaleta ugomvi mezani.

SHANGAZI: Lilete. Kamongo na sisi tunatokana na samaki wenye mapezi ya nyama na mfupa ndani yake, ilhali dagaa, sangara na changu ni wa ukoo wa mapezi ya miiba, yale yanayokunjuka kama feni.

MJOMBA: Katika ukoo wetu huo wa mapezi ya nyama yumo pia samaki aitwaye silikanti. Wataalamu waliamini kwamba alitoweka pamoja na dinosaria, hadi Desemba 1938 alipovuliwa karibu na mji wa East London, Afrika Kusini, naye Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji huo, akatambua kwamba si samaki wa kawaida. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania nao wakaanza kuwanasa kwenye jarife, na mwaka 2009 Tanga ikapata hifadhi ya bahari yenye jina lake. Silikanti anapoogelea huyapunga mapezi yake kwa zamu, la kulia la mbele pamoja na la kushoto la nyuma, kama mbuzi anavyotembea.

SHANGAZI: Tusiseme kwamba silikanti ni babu yetu, maana kosa hilo nalo ni la kila siku. Yeye yupo leo kama sisi tulivyopo leo, kwa hiyo ni binamu wa mbali. Babu tumtafute kwenye mwamba.

MJOMBA: Na walimtafuta kwa akili. Mtaalamu wa visukuku Neil Shubin na wenzake walijua kwamba miamba ya miaka milioni 380 hivi ina samaki, na ile ya miaka milioni 365 hivi ina viumbe wenye miguu, hivyo wakachagua miamba ya katikati, iliyotokana na tope la mito ya kale, katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini ya mbali ya Kanada, mahali pa barafu ambapo wakati ule palikuwa karibu na ikweta. Walikwenda msimu baada ya msimu, na mwaka 2004 wakaiona pua imetokeza kwenye jabali. Wazee wa Wainuit, wenyeji wa huko, waliwapa jina Tiktaalik, linalomaanisha samaki mkubwa wa maji yasiyo na chumvi.

SHANGAZI: Naomba msikilizaji aushike tena mkono wake. Tiktaalik alikuwa na magamba na matamvua kama samaki. Ndani ya pezi lake, hata hivyo, mlikuwa na mfupa mmoja, kisha mifupa miwili, kisha mifupa midogo iliyokunjika kama kifundo cha mkono, na alikuwa na shingo, kitu ambacho samaki hana. Mkimtaka samaki wa sokoni ageuze kichwa, itabidi ageuze mwili mzima.

MJOMBA: Na vidole?

SHANGAZI: Vidole tunavikuta Greenland, kwa kiumbe aitwaye Acanthostega, mwenye miaka milioni 365 hivi, ambaye Jenny Clack, mtaalamu wa visukuku wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alikwenda kumtafuta mwaka 1987. Alikuwa na vidole kamili, tena vinane katika kila mkono! Pamoja na vidole hivyo alikuwa bado na matamvua ya ndani kama samaki, na miguu yake haikuweza kuubeba mwili vizuri nchi kavu. Vidole vile vilikuwa vya kusukuma majani na kushika matawi ndani ya maji. Kutembea nchi kavu kulikuja baadaye, kwa kutumia vyombo vilivyokuwa tayari.

MJOMBA: Hapa naomba niseme neno, kwa sababu mtoto anaweza kudhani kwamba samaki mmoja alijitahidi mpaka akabadilika. Hakuna samaki aliyelala samaki akaamka chura. Watoto wa mzazi mmoja hutofautiana kidogo, na yule ambaye tofauti yake humsaidia kuishi huzaa zaidi na kuirithisha, na hayo yakirudiwa kwa mamilioni ya vizazi ndiyo mageuko.

SHANGAZI: Lilibaki tatizo la mayai. Chura hata leo hutaga majini, kwa kuwa yai lake laini likipigwa na jua hukauka. Baadhi ya wanyama wa nchi kavu wakaja kuwa na yai lenye ngozi na utando ndani yake, ambamo kijusi huelea katika kidimbwi cha maji yake mwenyewe, kama mtoto anavyoelea tumboni mwa mama. Kenge, mamba na kuku wote ni wa yai hilo.

MJOMBA: Kisha nyangumi, ambaye babu zake walitembea nchi kavu kwa miguu minne, akarudi baharini na kuufunga mkono wake ndani ya pezi.

SHANGAZI: Na sisi binadamu, kwa barabara yetu ile ya Dodoma, tuna miaka kama 300,000 tu, kwa hiyo tumeingia safarini zikiwa zimebaki mita 30 kufika.

MJOMBA: Nina swali la mwisho, Shangazi. Acanthostega vidole vinane, mimi vitano. Je, huyu kuku wako?

SHANGAZI: Vitatu. Hiki kidogo kilichojitenga hapa mbele, hiki kirefu, na hiki kilichoshikamana nacho ubavuni. Watoto, mkipewa bawa leo msile haraka, kwanza mvitafute. Nawe Mjomba, mchuzi wake uko jikoni, nimekuwekea.