Zebaki na Mtoto Aliye Tumboni

Ndugu wauguzi, wakunga, na akina mama mliotoka mialoni kunakooshwa dhahabu, asanteni kwa kuitikia wito.

Wengi wenu mmekwisha kuliona donge la dhahabu na zebaki, ile metali ya majimaji ya kunasia dhahabu, likiwekwa juu ya jiko la mkaa ili zebaki itoke na dhahabu ibaki, pengine uani, pengine jikoni kabisa mvua inaponyesha. Huwa na rangi ya fedha, na likishika moto hugeuka manjano kidogo kidogo. Zebaki iliyotoka hapo imekuwa mvuke usio na harufu, na mama aliyeketi karibu ameuvuta. Kutoka mapafuni huingia katika damu, kisha huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa.

Zamani madaktari wengi waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na sumu. Imani hiyo ilivunjika Minamata, Japani, ambako kiwanda cha Chisso kilimwaga taka zenye zebaki baharini, sumu ikaingia katika samaki, na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Walizaliwa watoto walioshindwa kukaza shingo, kutembea na kusema, ilhali baadhi ya mama zao walionekana wazima. Daktari Masazumi Harada aliwachunguza, na ushahidi ukapatikana majumbani: kwa desturi yao familia hutunza kipande cha kitovu cha mtoto, na vitovu vile vilivyokauka vilipopimwa vilikutwa na zebaki. Jambo hili hunigusa kila ninapolisimulia, kwa kuwa hata kwetu kitovu hakitupwi ovyo.

Ile ya Minamata ilikuwa methilizebaki, yaani zebaki iliyoungana na kaboni, si mvuke. Hata hivyo zebaki ya machimbo ya Geita au Chunya ikifika mtoni au ziwani, vijidudu vya kwenye tope huweza kuigeuza kuwa hiyohiyo, nayo ikarudi mezani ndani ya samaki.

Kwa hiyo mjamzito anapokuja kliniki, tumwulize, kwa upole na bila kumhukumu, dhahabu inachomwa wapi na nani huwa karibu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, unataka uchomaji katika makazi ukomeshwe. Kipo chombo cha kufunika chenye bomba, kinachonasa mvuke na kumrudishia mchimbaji zebaki yake aitumie tena. Asiye nacho angalau alitoe jiko nyumbani, mkewe mjamzito akae mbali, na nguo za kazini zisifuliwe beseni moja na nepi.