Joka Linakula Nini?

Shikamooni wazee wangu mlioketi mbele. Vijana, hamjambo? Nimepewa nusu saa, kwa hiyo sitaanza na joka ni nini wala hadithi zake zimetoka wapi. Humu ndani kila mtu amelelewa na bibi.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea hadithi yake niipitie. Kiswahili chake kimenyooka, nilifurahi. Joka lake linaishi msituni, lina mabawa ya kufunika kijiji kizima na linatema moto. Nikamuuliza swali lile lile ninalouliza kila mwaka: linakula nini? Akanyamaza. Halafu akasema, "Mwalimu, hii si hadithi tu?"

Ni hadithi, ndiyo, na ndiyo maana msomaji anakudai zaidi. Sungura wa bibi anaongea na anamdanganya fisi, lakini bado anaiba karanga za watu na bado anaogopa mbwa. Ukweli huo mdogo ndio unaotufanya tuumeze uongo mkubwa.

Basi tuliumbe joka letu hapa hapa. Tuliweke kwenye vichaka vya Itigi, kule Manyoni, katikati ya Tanzania. Mliopita na treni ya Reli ya Kati mmeviona: miti mifupi, mita 3 hadi 5, imesongamana kiasi kwamba mtu mzima hupita kwa kuinama. Masika ni kijani kitupu. Kiangazi majani yanapukutika, kinabaki kichaka cha fito. Sasa niambieni, mwezi wa nane mnyama mwenye ukubwa wa nyumba atajificha wapi? Na mawindo ni yapi? Digidigi, ambaye ana kilo 5 hivi. Kanga. Nungunungu. Joka la damu moto, yaani linalojipasha mwili lenyewe kwa chakula kingi, tena lenye uzito wa tembo, litakuwa limemaliza kichaka chote kabla hujafika sura ya pili.

Kwa hiyo liwe la damu baridi, na liwe dogo. Msinune! Mjusi wa Komodo, kule Indonesia, ni jamaa wa karibu wa kenge wetu. Anafika mita 3 na kilo 70 hivi, na watu wanamheshimu. Kwa mlo mmoja anaweza kumeza nyama inayokaribia asilimia 80 ya uzito wake, kisha akakaa muda mrefu bila kula. Makinda wake huishi juu ya miti wasije wakaliwa na wakubwa. Joka letu lifanye hivyo hivyo: asubuhi liote jua, kiangazi lilale shimoni, na watoto wake walihofu.

Lakini nililokuja kusema hasa ni habari ya yai.

Nikiwa mvulana nilichunga mbuzi karibu na Mto Bubu. Siku moja baada ya mvua nilimkuta kenge jike anachimba kichuguu. Udongo mwekundu ulikuwa umelainika, unamrukia mgongoni, na mchwa walikuwa wanamwagika wakimpanda hadi kwenye kope. Hakujali. Alichimba mpaka nikawa naona mkia tu, halafu akageuka, akatulia kimya. Nilipopita tena baadaye lile tundu halikuwepo. Mchwa walikuwa wameliziba kwa udongo mbichi, mweusi kidogo kuliko ule wa zamani. Nilitaka kufukua, babu akanishika mkono.

Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma kilichokuwa kinatokea. Ndani ya kichuguu joto halipandi na kushuka kama huku nje, na unyevu upo hata kiangazi kikikaza. Kenge anataga, mchwa wanamfungia mlango, naye anaondoka zake. Mayai hukaa humo miezi mingi. Makinda hutoka mvua inapolainisha udongo tena. Mchwa wanalea watoto wa mwingine bila kujua!

Sasa lipeni joka letu desturi hiyo, mwongeze na ya mamba, ambaye jike lake hulinda kiota. Mnapata nini? Joka lisilolinda dhahabu. Linalinda kichuguu. Na sisi watu wa huku tunakwenda wapi tukitaka udongo mzuri wa matofali? Kwenye kichuguu! Mtu ana jembe, ana watoto wasio na nyumba. Joka nalo lina watoto humo ndani. Wote wawili wana haki. Hadithi hiyo hukuitafuta, imekuja yenyewe kwa sababu ulijua yai linakaa wapi.

Mabawa, kwa haraka. Wanyama wote wenye uti wa mgongo wanaoishi nchi kavu wametokana na wazee wa miguu minne. Ndege na popo walitoa mikono yao ndipo wakapata mabawa. Ukitaka joka liruke, linyang'anye mikono. Na kule Itigi mabawa yatachanwa na fito siku ya kwanza. Moto? Yupo mbawakawa anayechanganya kemikali tumboni na kurusha maji ya moto ya nyuzi 100, kwa hiyo sikatai kabisa. Ila kutema moto kwenye kichaka kikavu mwezi wa nane ni kujichomea nyumba.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kusema na sauti yake, na jinsi joto la kiota linavyoamua jinsia kwa mamba, tuyaache. Yule mama amenyoosha mkono tangu nilipotaja matofali. Karibu, mama.